Baba Yangu Ananiulizia Mimi, na Mimi Nimekaa Pembeni Yake

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wako humu na wanasoma kila kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Karagwe, upande wa Rugu, na baba yangu mzazi. Niliolewa nikiwa binti mdogo. Mtoto hakupatikana, mwisho mume akanirudisha nyumbani na sanduku langu. Kaka yangu mkubwa alisema mwanamke aliyeolewa hana sehemu tena kwenye kibanja cha wazazi. Baba akamjibu mbele ya watu, "Huyu ni mwanangu. Atalala hapa na atakula hapa." Tangu siku ile sijaondoka. Mama alipofariki tukabaki wawili tu.

Baba alikuwa fundi wa kujenga nyumba, lakini alichokipenda kuliko vyote ni kuvua samaki kwa ndoano. Si kwa biashara. Kila Jumapili tukitoka kanisani anabadilisha shati, tunachimba minyoo kwenye migomba, tunashuka ziwani. Kuna mwamba umejitokeza majini, tunakaa hapo hadi jua linapopoa. Kiboya chake alikikata kwenye kandambili iliyochakaa. Perege wadogo anawarudisha majini, na siku nyingine tunarudi mikono mitupu na yeye anacheka njia nzima. Majirani walimwona mvivu. Yeye akasema anapumzisha kichwa.

Ni hicho kichwa ndicho kilichokuja kumwangusha. Alianza kupotea kwenye njia ya dukani. Akawa ananiuliza mama amekwenda wapi, nikimwambia alishafariki analia upya kama ndiyo kwanza anasikia, hadi nikajifunza kusema amekwenda sokoni. Hospitali wakaniambia ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa ya kumrudisha alivyokuwa, nimwangalie tu asijidhuru.

Ajabu ni kwamba mikono haijasahau. Kufunga kifungo cha shati hawezi, ila mpe mshipi na ndoano, anafunga fundo bila hata kutazama. Akikaa pale mwambani anatulia, hapigi kelele, hatukani mtu. Nyumbani ni vita. Kwa hiyo nikigeuka tu kuchuma kahawa, yeye ameshashuka ziwani.

Na ziwa letu lina mamba. Mbuzi wa jirani alichukuliwa akinywa maji, watu wanaona. Mchana mmoja nikasikia naitwa kwa makelele. Nilikimbia pekupeku, nikamkuta mkata matete amemkumbatia baba kwa nyuma anamvuta nchi kavu. Ndoano ilikuwa imenasa kwenye mawe, baba akaingia kuifuata hadi maji yakamfika kifuani. Alikuwa anamlaumu yule kijana wa watu kwamba amemkimbizia samaki.

Nilipompigia huyo kaka mkubwa, anayeishi Mwanza, alinifokea. "Mfungie ndani! Au unasubiri tuje kuzika nguo?"

Nikamfungia. Jamani, sitaki mtu yeyote apitie siku ile. Alipiga mlango kwa viganja, akawa anauliza kwa Kinyambo, amekosa nini, ni nani amemfunga. Mimi nimekaa nje ya mlango huo huo na ufunguo mkononi. Baadaye nikaingiza ufunguo mlangoni. Nilipofungua nilimkuta amekaa kwenye kona, amejikojolea. Chakula alikataa hadi kesho yake jioni. Sijaweza kumfungia tena.

Sasa namfuata kila anakokwenda. Kahawa inaanguka chini, migomba imezidiwa na majani. Na nguvu zangu hazimtoshi, juzi nilimshika mkono asisogee majini akanisukuma nikaanguka.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mwenyewe. Alipotulia nikamwambia, "Shikamoo tata," yaani baba kwa Kinyambo chetu. Akaitika marahaba kama anavyomwitikia mpita njia, akanisogezea nafasi nikae. Akaniuliza, "Mama, unatokea wapi?" Nikamwambia natokea hapa hapa kijijini. Akafurahi. Akasema, "Basi utakuwa unamfahamu muhara wange, binti yangu. Walimuoa wakamrudisha. Kaka zake hawamtaki. Mimi nikifa watamtoa, ndiyo maana naogopa kufa." Kisha akavuta mshipi kuangalia chambo. "Zamani tulikuwa tunakuja naye hapa. Siku hizi haji. Sijui nilimuudhi nini. Ukimwona mwambie aje, simkasirikii."

Nilishindwa kujizuia nikasema, "Nitamwambia, tata."

Akanigeukia kwa upole kabisa. "Usiniite tata, mama. Mimi ni tata wa yule."

Nililia palepale, na yeye akawa ananibembeleza, ananiuliza nimefiwa na nani.

Kaka amepiga simu, anakuja Jumamosi kumchukua. Anasema nyumba yake ina ukuta na geti, mzee hatatoka hata atake vipi. Wazee wa kanisa wamesema huo ndio uamuzi mzuri, na mimi kweli nimeshindwa. Lakini najua atakavyopiga lile geti, na huko hata hilo ziwa la kumtuliza hatalipata. Nikimbakiza, siku nitakayochelewa kidogo mamba watamchukua na ukoo mzima utasema nilimuua kwa mikono yangu. Na akiondoka, mimi kwenye kibanja hiki nitabaki kama nani?

Nyie mliowahi kuuguza mzazi wa namna hii, naomba mniambie ukweli bila kunihurumia. Nimwache aende akafungiwe akiwa hai, au nikae naye hapa anakopata raha huku nikijua nitakachokuja kukiona? Jumamosi ni keshokutwa, na yeye tangu asubuhi amesimama mlangoni ananiuliza kama nimemwona binti yake.