Mkalimani wa Posa ya Binti Yangu

Watu hunionea wivu kwa huu ulimi wangu. Nilizaliwa huku Cyangugu, Rwanda, nikakulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka Kongo, nikarudi na mume wa huko. Kiswahili na Kinyarwanda vyote ninavyo, na vimenilisha. Mpakani mteja hajamaliza kuuliza bei ya kitenge, nimeshamjibu kwa lugha yake. Ushirika wetu wa wachuuzi ulinipa kiti ofisini kwa sababu hiyo hiyo. Nashukuru, sikatai. Ila hakuna aliyeniambia kwamba ukijua lugha mbili, kila mtu anakufanya mdomo wake.

Siku ya posa ya binti yangu, wakwe walitoka Nzahaha, wazee wa Kinyarwanda tupu. Msemaji wetu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, aliyevuka kutoka Bukavu asubuhi hiyo. Kinyarwanda chake kinaishia kwenye salamu. Kwa desturi mama hukaa pembeni, lakini mimi niliitwa katikati nitafsiri. Nikafurahi, mjinga mimi! Nilidhani nitapata upenyo wa kusema neno langu. Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa uuguzi, nami nilitaka amalize kwanza. Basi, hilo tu.

Mzee wao akasema harusi ikipita, masomo yaishe, mashamba yanangoja mikono. Nikatafsiri yote. Kisha nikaongeza, "Shemeji, mimi kama mama..."

"Maman, wewe utafsiri tu," akanikata huku anacheka. "Ubaambie haina shida. Masomo ataacha."

Jamani! Ningeweza kuwaambia tumekataa, na wale wazee wangeamini. Lakini kijana mwenyewe, anayefanya kazi kiwandani Muganza, alikuwa ananikodolea macho, na Kiswahili anakijua vizuri. Nilibanwa kotekote.

"Nta kibazo," nikasema. Hakuna shida. Wakapiga makofi, soda zikafunguliwa.

Jikoni nilimkuta binti amekaa juu ya kreti, macho mekundu. Ukuta ule mwembamba, alikuwa amesikia kila kitu. Nikamwambia ni baba yake mkubwa aliyeamua, mimi nilikuwa natafsiri tu.

Hakuninyanyulia hata uso.

"Bale wazee habakusikia baba mukubwa, Maman," akasema. "Balisikia wewe."