Kilo Ambazo Mama Alikataa Kuziandika

Nyumbani kwetu Mbozi tulipimwa kwa mizani ya mahindi. Baba alikuwa mnunuzi wa mazao pale Mlowo, na alipofariki mizani yake ya chuma ilibaki stoo, mama akaipa kazi nyingine. Kila Krismasi tukirudi, kabla hujanywa hata chai, unapandishwa. Mama anasogeza vyuma, anasoma, anatoa kilo moja ya nguo na viatu kama wanunuzi wanavyotoa uzito wa gunia, kisha anaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Aliyeongezeka anapigiwa vigelegele. Tulikuwa watu wazima wenye wake na waume, na bado tulizionea fahari kilo zetu.

Krismasi iliyopita mimi ndiye niliyeharibu sherehe. Mwezi wa sita daktari wa Tunduma aliniambia presha yangu iko juu na mwili lazima upungue, nami nikapungua kilo tisa. Nilizitolea jasho. Ninauza vitenge karibu na mpaka, kazi ya kukaa huku chapati zinapita, maandazi yanapita, soda zinapita. Asubuhi nilitembea hadi karibu na Mpemba, pembeni ya foleni ya malori, madereva wakiniuliza kama nimeachwa na gari. Wateja wangu wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakaanza kuniita bamayo, yaani mama, mwenye kiuno. Nilijifanya sisikii, lakini nililipenda sana jina hilo.

Mama aliisoma mizani, akanishusha, akanipandisha tena. Kisha akaitia chaki mfukoni.

"Hii siandiki."

"Mama, nimepungua kwa kutaka mwenyewe."

"Nani anataka kukonda? Huyo mume wako anakulisha kweli?"

"Ananilisha, mama."

Hakuniamini. Nami habari ya presha sikuigusa, kwa sababu ndiyo iliyomwangusha baba, na niliona mama ameshaogopa vya kutosha katika maisha yake. Nikasema moyoni, mwache ale sikukuu yake kwa amani.

Basi nikala. Nilikula kuku wa kienyeji, ndizi za nyama, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga hadi kijiko kinasimama, na chai ya maziwa asubuhi, mchana na jioni. Nisiwe mnafiki, sikuteswa. Kila nikimaliza sahani mama alikuwa ananitazama kwa uso ambao ningeufuata hata kwenye sufuria ya tatu. Siku ya kuondoka nilipandishwa tena mizani. Kilo tatu zilikuwa zimerudi. Akaziandika kwa tarakimu kubwa na kupiga vigelegele peke yake.

Januari, kule kliniki ya Tunduma, nesi alinipima presha, akanipima tena. Daktari hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alisema tunaanza upya, safari hii pamoja na vidonge. Nikarudi kwenye matope ya barabarani na matembele yasiyo na mafuta. Mume wangu, mtu ambaye hanenepi hata umlishe ng'ombe mzima, aliapa kula ninachokula mimi. Siku ya nne nikamkuta nyuma ya duka na sahani ya chipsi, midomo inang'aa. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nampenda huyu mwanamume.

Tatizo lilikuwa simu. Kila jioni mama alipiga na swali lake lilikuwa moja tu, nimekula nini. Nilimtajia nyama, nikamtajia ndizi, huku sahani mbele yangu ina ugali wa kukusanya kwa vidole vitatu. Akafurahi, akanitumia karanga kwa basi. Kumdanganya habari za chakula mtu aliyenifundisha kula kuliniuma kuliko njaa yenyewe. Jumamosi moja ya Februari nikafunga duka, nikapanda gari kwenda kumwambia.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Sikukaa, maana nilijua nikikaa nitaletewa chai.

"Mama, nina presha. Ndiyo maana nilipungua. Nikinenepa nitaanguka kama baba."

Kisu kilisimama.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Kwa hiyo Krismasi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nakujazia sahani, na wewe unakula tu."

"Sikutaka uogope, mama."

Akaweka kisu chini na kujifuta macho kwa upindo wa kanga. Mama yangu si mtu wa kulia. Nilidhani sasa atanifokea, na ningeshukuru.

"Baba yako naye alikuwa anajua," alisema. "Kadi yake ya kliniki niliikuta kwenye koti, tumeshamzika. Mwaka mzima nampikia vilevile, mafuta, chumvi, na yeye anamaliza sahani, ananisifu."

Hilo hakuwahi kumwambia mtoto wake yeyote. Nilitaka kumwambia halikuwa kosa lake, lakini alikuwa ameshanishika mkono, kwa nguvu.

"Usinipende hivyo, mwanangu. Nitakupikia chochote, hata hayo majani ya kuchemsha. Lakini uniambie."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikaanza na chumvi.