Siku Munane, Siku Kumi na Tano

Habari hii sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, kwa sababu nikifika katikati watu wanacheka, na mimi nacheka nao kidogo, halafu nasingizia nina kazi na kuondoka. Leo nitaisema yote. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kamembe, nimekulia Bukavu, na nimewahi kuaibika mbele ya ndugu zangu saba na uwanja mzima wa wagonjwa kwa hesabu ya watoto wa shule ya msingi.

Papa yangu na dada yake, Tantine Vero, walikuwa hawasemeshani tangu mwaka ule mpaka wa Rwanda na Kongo ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, bibi yetu, mama yao, akafia Bukavu, upande wa Kongo, na Papa hakuvuka kumzika. Tantine alisema Papa hakujaribu hata kuomba ruhusa. Papa alisema aliomba mara tatu. Baadaye Tantine naye akarudi Rwanda akakaa Nyakabuye, Papa yuko Nyakarenzo, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kugonga mlango wa mwenzake (ukoo wetu tuna vichwa vigumu, na mimi nimerithi sehemu yangu yote). Lakini Papa alikuwa anazeeka, moyo unamsumbua, na kila mmoja kwa wakati wake aliniambia maneno yaleyale: nikikutana naye njiani sitageuza uso.

Basi Jumanne moja mdogo wangu Claudine akanipigia simu, akaniambia kwamba amempeleka Papa kuchukua dawa hospitalini Mibirizi, na walipokuwa wanaondoka amemwona Tantine kwa mbali akiingia kanisa la jirani na kikundi chake cha maombi. Nikaruka kitini. Nikamuuliza ni kila baada ya muda gani Papa anakwenda kuchukua dawa, akanijibu kila siku kumi na tano. Nikamtafuta mama mmoja wa kikundi kile, nikamuuliza wao wanakutana lini, naye akajibu kila siku munane. Sikuuliza swali la tatu. Ningeuliza la nini, wakati nilikuwa na nane na kumi na tano mkononi, na miaka kumi na miwili nafundisha watoto kutafuta kigawe kidogo cha shirika, kile ambacho sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunakiita PPCM? Nane ni mbili mara mbili mara mbili, kumi na tano ni tatu mara tano, hakuna zinachoshirikiana, kwa hiyo unazidisha tu: mia moja na ishirini. Watakutana tena baada ya siku mia moja na ishirini.

Ndugu zangu, niliitangaza. Niliiandika kwenye kundi la familia kwenye simu, nikaenda Nyakarenzo kumweleza Papa, ambaye hakuelewa PPCM ni nini lakini alitikisa kichwa kwa heshima. Akaniambia, "Weye njo ulisoma. Nitangoja." Tangu siku hiyo alikuwa anamuuliza Claudine zimebaki ngapi. Kila baada ya majuma mawili jirani yetu alimpeleka kwa pikipiki kuchukua dawa, akamrudisha moja kwa moja, na Papa hakuangalia kushoto wala kulia, kwa sababu mwalimu alisema siku bado.

Siku ya mia moja na ishirini iliangukia Jumatano. Papa asubuhi ile akaniambia kwa upole kwamba siku yake ya dawa ni Jumanne, na Claudine akasema hivyohivyo. Nikawajibu (naona aibu hata kuandika) kwamba hesabu haikosei, labda wamebadilisha ratiba. Tukaenda, Papa na koti lake la harusi, ndugu saba, kreti ya Fanta, binamu mmoja wa kupiga picha. Tukakaa kwenye benchi kati ya kanisa na hospitali. Tukakaa. Wagonjwa wakaanza kutuuliza tunangoja nini, nami nikachukua kijiti nikawachorea chini mbili mbili mbili, tatu tano, kwa sauti ya darasani, mpaka mama anayefagia kanisa akaja kusimama juu ya tarakimu zangu na ufagio wake. Akasema hao wa maombi wanakuja mardi, yaani Jumanne, leo hakuna mtu. Nikamwambia haiwezekani, wao ni kila siku munane.

"Njo vile," akasema, akainua vidole. "Mardi, mercredi, jeudi, vendredi, samedi, dimanche, lundi, mardi. Hizi ngapi?"

Munane. Uwanja mzima ulicheka, maana hakuna mtu pale asiyejua kwamba siku munane kwetu ni juma moja, tunahesabu siku ya kuanzia na ya kumalizia zote mbili, na siku kumi na tano ni majuma mawili. Mimi mwenyewe nasema hivyo tangu utoto. Nikimwambia mtu tuonane siku munane namaanisha juma, lakini nilipoziandika kwenye karatasi nilisahau kwamba ni maneno ya watu, nikaziona namba tu. Hesabu yenyewe ilikuwa ya saba na kumi na nne. Kigawe chake kidogo ni kumi na nne. Maana yake Papa na dada yake walikuwa wamefika Mibirizi siku moja mara nane katika muda ule niliomwambia angoje.

Papa alicheka pia. Alicheka mpaka akapangusa macho, halafu akanishika mkono akasema, "Basi tuende Nyakabuye leo. Niko nimesha vaa."

Na mimi nikakataa. Hapa ndipo watu wanaponiangalia vibaya, na wana haki. Ndugu wanacheka, binamu ananipiga picha mimi badala ya Papa, nikataka hesabu itoke sawasawa angalau mara moja, mbele yao wote. Nikamwambia, "Papa, Jumanne inayokuja wote mtakuwa hapa, siku sita tu." Alinitii, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Tukanywa Fanta tukarudi.

Jumapili asubuhi Claudine alimkuta Papa kitandani hapumui tena.

Tulimzika Jumanne. Tantine Vero alikuja na kikundi chake chote cha maombi, kwa miguu kutoka barabarani, akasimama karibu na kaburi bila kulia. Baadaye alinivuta pembeni, akaniuliza kama ni kweli kwamba Papa alikuwa anamngoja Mibirizi. Nikamweleza yote, munane, kumi na tano, mia moja na ishirini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwana yangu," akasema, "Mibirizi nilikuwaka naenda siku moja tu ya juma. Zile zingine sita zote nilikuwaka kwangu."

Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba PPCM bado naifundisha, ipo kwenye mtaala, na siku nikisikia watu wawili wanataka kupatana nampandisha mmoja kwenye pikipiki siku hiyohiyo, wala simuulizi yuko tayari au hapana.