Mpangaji wa Mchangani

Kinue Hatsukade hakuwa mvivu, na laiti angekuwa. Kila mwisho wa mwaka, kama wanawake wote wa mtaa wao pale Tanabe, aliifumua nyumba nzima akaisugua hadi nyuma ya jiko, maana mwaka mpya haupokelewi kwenye uchafu. Safari hii alizidisha. Mumewe, Teruo, alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali aje kula sikukuu nyumbani. Kiharusi kilikuwa kimempinda nusu ya uso na kumlemaza mkono mmoja.

Likabaki tangi la samaki sebuleni. Humo Teruo alimfuga mkunga wa baharini, samaki mwenye umbo la nyoka, mwembamba kama penseli, aliyeishi amejizika mchangani, kichwa tu nje. Akishtuka, huzama mzima. Teruo alimwita Mpangaji. Kinue aliuona mchanga umeota ukijani, akakereka. Mkunga haonekani, akadhani yuko nyuma ya mawe. Akauchota mchanga wote, akausuuza bombani kama anavyoosha mchele, mpaka maji yakatoka safi. Mpangaji alikuwa humo humo, na maji yasiyo na chumvi yakamuua.

Alimzika nyuma ya nyumba, akaurudisha mchanga unang'aa, akanyamaza.

Teruo alipofika, hata koti hakuvua. "Mama, mpangaji wangu yuko wapi?"

"Amejichimbia, Baba. Umepotea mno, anakununia."

"Aninunie mimi? Umeme wa taa yake analipa nani?"

Kinue akacheka, akamvua koti. Jioni ya kufunga mwaka Teruo aliomba bakuli lake la tambi aletewe pale pale mbele ya tangi. Runinga akaizuia isiwashwe, isije ikamshtua Mpangaji. Akiongea, ananong'ona. Kinue alimkatia tambi vipande vifupi, akijiona muuaji na mwongo kwa pamoja.

Asubuhi ya mwaka mpya alimkuta kwenye kiti kile kile, amevaa barakoa.

"Una mafua, Baba?"

"Sina. Shusha sauti." Teruo hakugeuka. "Nadhani ni huu uso. Zamani akiniona tu anachomoza. Simlaumu, hata mimi kwenye kioo cha hospitali nilishtuka. Nikiufunika, labda atatoka."

Kinue akapiga magoti, paji la uso sakafuni, akayasema yote: mchanga, bomba, kaburi. "Nisamehe. Nimemuua mimi, kisha nikakudanganya."

Teruo akamgeukia.

"Kwa hiyo hakuniona kabisa?"

"Hakukuona."

"Si uso?"

"Si uso, Baba. Ni mimi."

Teruo alivua barakoa taratibu kwa mkono ule mzima, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii ukatabasamu.

"Asante, Mama," akasema. "Asante sana."

Matusi Kinue angeyavumilia, alikuwa ameshajiandaa nayo. Shukrani ile ilimshinda.