Nyaya Kati ya Sayari

Baba alikuwa fundi wa masanduku ya bati pale Kariobangi, yale wanayobeba watoto wakienda shule za bweni. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alituagiza tutengeneze mfano wa jua na sayari zake. Wenzangu walipanga kuleta maboksi na machungwa. Mimi nilikuwa na baba mwenye nyundo, basi nilijiona nimefika.

Alitumia Jumamosi nzima. Jua lilikuwa sufuria kuukuu aliyoigonga hadi ikawa mviringo, dunia gololi ya beringi ya gurudumu, na Mshtarii kirungu cha gia ya lori. Akaunganisha kila sayari na jua kwa waya. Nikadhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Akachukua waya nyembamba, akafunga dunia na Mshtarii, Mshtarii na Zuhura, Zuhura na Mirihi, hadi kila moja ikashikana na kila nyingine.

"Baba, mwalimu alichora jua pekee ndilo linalovuta," nikamwambia.

"Jua linavuta kwa sababu ni zito, si ndiyo? Na Mshtarii pia ni nzito. Sasa nani ameikataza kuvuta?" Baba aliishia darasa la nne, lakini kwa ubishi alikuwa profesa. "Hata dunia inaivuta Mshtarii. Ni vile tu haiwezi kuisogeza."

Jumatatu darasa lilicheka hadi likakosa pumzi.

"Kwani buda yako ametengeneza sayari ama waya ya kuku?" aliuliza mwenzangu wa dawati.

Niliona aibu, tena aibu ya kuwa mtoto wa baba yangu. Kabla mwalimu hajaingia nikaazima koleo kwa bawabu wa shule, nikakata nyaya zile nyembamba zote. Nilipewa nane juu ya kumi. Nyumbani nikamwambia baba alama hizo, na kwamba mwalimu ameipenda kazi yake. Mfano wenyewe ulibaki shuleni, juu ya kabati.

Mwezi uliopita binti yangu alipewa kazi kama ile. Kitabu chake kinasema waziwazi: kila sayari huvuta kila nyingine. Dunia na Mshtarii huvutana kwa nguvu sawa, ila Mshtarii ni kubwa mno hata haionekani kutikisika, na yenyewe huipinda njia ya dunia kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika. Nilisoma maneno yale mara tatu nikiwa jikoni, ugali ukaungua.

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kwa baba. Siku hizi mikono yake inatetemeka.

"Guka, tusaidie na sayari," binti yangu akamwambia babu yake.

Uso ukamchangamka. "Mamako nilimtengenezea. Tulipata nane juu ya kumi! Kila fundi pale Kariobangi alisikia."

Miaka yote hiyo alikuwa akijivunia. Nikamweleza yote, kicheko, koleo, nyaya zilizoanguka sakafuni. Nikamwambia pia kwamba yeye ndiye aliyekuwa amepatia. Alikoroga chai yake isiyo na sukari.

"Kumbe zile nane hazikuwa zangu," akasema.

Nililia, mtu mzima mimi, mbele ya mtoto wangu. Baba akamnyooshea binti yangu mkono.

"Lete waya," akasema. "Na koleo likae mbali na mamako."