Mwalimu Kwenu na Hesabu ya Vichwa

Katika darasa la mwisho, lile linalopakana na tangi la maji, siku hizi hakuna anayehesabu vichwa. Mwalimu mpya anaingia, anaita majina, watoto wanaitikia "nipo," mlango unafungwa. Ni utaratibu mzuri na hauli muda. Lakini walimu waliozoea kupita kwenye varanda ile asubuhi bado hupunguza mwendo wakifika pale, kama mtu anayepita mbele ya nyumba iliyokuwa na redio. Wanasubiri sauti ya mtoto ihesabu kwa lugha wasiyoijua, na vicheko vya wenzake vifuate. Kisha wanakumbuka, wanaendelea na njia yao.

Aliyeianzisha hesabu hiyo alikuwa mwanamke waliyemwita kwa jina la utani, Mwalimu Kwenu. Watoto ndio waliompa, walimu wakalidaka. Lilitokana na swali lake, maana mtoto akikwama hakumwambia amekosea. Alimuuliza, "Kwenu mnafanyaje?" Mtoto wa mwashi alipoulizwa hivyo kuhusu pembe za mraba alitoka nje, akarudi na kipande cha kamba, akakifunga mafundo na kuwaonyesha wenzake jinsi baba yake anavyoipata kona ya nyumba. Siku hiyo ubao ulishinda mtupu. Binti wa msusi aliwafundisha kugawanya kwa kutumia kichwa cha jirani yake: nywele mafungu sawasawa, kila fungu sehemu tatu, na kile kinachobaki kisogoni ambacho mama huwa anakificha ndani ya msuko wa mwisho. Habari ya baki, ambayo kitabu kiliieleza kwa kurasa nzima, ikaeleweka kabla kengele haijalia.

Darasa lenyewe kwenye makaratasi liliitwa darasa la marudio. Walimu waliliita Jalalani. Humo waliwekwa watoto waliokariri mwaka hadi ndevu zikawa zinawanyemelea, watoto waliotolewa sokoni kwenye kubeba mizigo, na wale waliohamia mjini na wazazi wao kwa sababu ya ukame, ya kazi au ya vita, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwao na Kiswahili cha kuokoteza barabarani. Mwalimu aliyepangiwa Jalalani alikuwa anaumwa ghafla. Huyu aliliomba mwenyewe, na mwalimu mkuu akadhani anatania.

Hakuwa anatania. Yeye mwenyewe alipoanza shule, akiwa mtoto aliyeletwa kutoka mbali, alikaa karibu mwaka mzima bila kuelewa neno. Mwalimu wake akamwambia baba yake kwamba mtoto huyu hasikii. Wakapasha mafuta, wakamtia masikioni, wakamlaza ubavu mmoja, kisha wa pili. Dada yake mkubwa, ambaye sasa ni dobi wa hospitali na ndiye aliyeishi naye katika vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, alipenda kumkumbusha. Akichelewa kuitika anaambiwa, "Au nipashe mafuta?" Walikuwa wakicheka. Lakini baba yao, siku ile alipoitwa shuleni, alijibu kila swali kwa Kiswahili chake kibovu huku akitazama chini, na tangu siku ile akawakataza kabisa kuongea lugha yao mbele za watu. Mwalimu Kwenu aliibeba aibu ile ya baba yake maisha yake yote. Aliijua sura ya aibu hiyo, na alidhani angeitambua popote.

Hesabu ya vichwa ilikuwa hivi. Kila asubuhi mtoto mmoja hupita kati ya madawati, anagusa kila kichwa, anahesabu wenzake kwa lugha ya kwao. Wapo waliohesabu kwa mikono, ambao wakishamaliza vidole vitano husema mkono na kimoja, mkono na viwili. Darasa zima likawa linajua kuhesabu kwa lugha nyingi kuliko ofisi yoyote ya serikali. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni siku moja akasikiliza, akauliza, "Mwalimu, hapa ni darasani au stendi ya mabasi?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakaguzi nyuma yake, na wakaguzi wana watu nyuma yao.

Katikati ya mwaka akaingia binti wa fundi cherehani. Fundi alikuwa amekodi chumba kwenye kona ya barabara ya shule, mashine yake akaiweka barazani, na kwa kuwa alishona vizuri na hakusumbua watu kwa ahadi za kesho njoo kesho kutwa, sare za shule karibu zote zikahamia kwake. Binti yake alikuwa mwembamba, nadhifu, sare yake imenyooka kuliko ya mwalimu. Hakuongea. Akiulizwa alijibu neno moja, na neno hilo alilisema kwa kulivuta ndani, kama anayeogopa lisije likadondoka. Ilipofika zamu yake ya kuhesabu vichwa alihesabu kwa Kiswahili, polepole, bila kugusa mtu.

"Hiyo ni ya shule," Mwalimu Kwenu alimwambia kwa upole. "Ya kwenu je?"

Binti akarudi kukaa.

Kabla ya mwisho wa muhula, mwalimu mkuu alisema wazi kwamba mtoto wa Jalalani ambaye hasomi kwa sauti atatolewa, ampishe mwingine, maana shule si mahali pa kufugia mabubu. Binti wa fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mawazo yake, na kila mtu alilijua hilo. Mwalimu Kwenu akaenda kwa fundi.

Fundi alimpa kiti, akafuta kwanza vumbi la nyuzi kwa kiganja. Alikuwa na heshima ya watu wanaotaka uondoke mapema. Mwalimu alieleza habari ya hesabu ya vichwa, akasema mtoto akianza na ya nyumbani, ya shule humfuata yenyewe, kwamba ameliona hilo kwa macho yake. Ndani, nyuma ya pazia, mama wa mtoto alikuwa akiongea na kichanga. Mgeni alipotaja neno lugha, sauti ile ikakatika.

"Sisi kwetu ni Kiswahili tu, mwalimu," fundi alisema. Akataja mji ambao kila mtu anaujua na ambao watu wake hawaongei vile anavyoongea yeye. Alikuwa ametazama chini, kwenye futi iliyoning'inia shingoni. "Mtoto ajue kusoma tu, basi. Asiongee sana. Si lazima aongee."

Mwalimu Kwenu alirudi nyumbani akamwambia dada yake kwamba amemwona baba yao amekaa nyuma ya cherehani. Alikuwa na uchungu na alikuwa na furaha. Alidhani ameona aibu. Ilikuwa hofu, na hivyo viwili vikitazama chini vinafanana.

Akazidisha juhudi. Alimweka binti yule dawati la mbele, akamsimulia habari ya mafuta ya masikioni, na kwa mara ya kwanza binti akacheka, akaziba mdomo. Wiki iliyofuata, zamu yake ilipofika, alisimama. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wa mwashi, akasema neno. Akaenda kwa wa pili. Lugha yake ilikuwa laini, nambari zake zinaishia kama mtu anayeshusha pumzi, na alipofika dawati la mwisho sauti yake ilikuwa imejaa chumba. Darasa likapiga meza. Binti akarudi kukaa, na mchana huo huo akasoma kwa sauti ukurasa mzima wa kitabu cha Kiswahili, bila kuinua uso. Hakuna aliyemtaja tena kuwa bubu.

Laiti ingeishia hapo. Lakini habari njema nayo hutembea, na ikamfikia mwalimu mkuu. Yule yule wa stendi ya mabasi akaamua kwamba siku ya wazazi darasa la marudio litahesabu vichwa mbele ya wageni, na kwamba wa kufunga hesabu awe binti wa fundi, maana mfano wake unaonekana.

Siku ya kufanya mazoezi, binti alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, na siku ile pia nihesabu ile ya nyumbani?"

"Siku ile hasa."

"Baba hajui."

"Basi atajua siku hiyo. Atafurahi, utaona."

Siku ya wazazi viti vilipangwa chini ya turubai uwanjani. Fundi alichelewa, akasimama pembeni na futi yake shingoni, maana aliacha kazi mezani. Binti yake alikuwa ameshaanza. Alipita kati ya wenzake akiwagusa, sauti yake safi, na wazazi walikuwa wakitabasamu kama wazazi wanavyotabasamu kwa mtoto wa mwenzao. Safu ya pili alikaa dereva wa lori, baba wa watoto wawili wa shule ile. Naye alikuwa amehamia mjini kwa kukimbia vita. Katika vita vile watu wa lugha ile aliyohesabia binti walichoma nyumba za wenzao, au walichomewa wao. Inategemea unamuuliza nani. Dereva alikaa amejiinamia akisikiliza mpaka mtoto akamaliza. Kisha akamgeukia jirani yake, wala hakupunguza sauti.

"Hawa ndio wale. Kumbe hawakuisha."

Mwalimu Kwenu aliyasikia maneno hayo. Alipogeuza kichwa kumtafuta fundi, pale pembeni palikuwa pamebaki nguzo ya turubai tu.

Halikutokea jambo kubwa, kama mtu anataka kusema hivyo. Hakuna aliyepigwa. Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Mmoja alisema anasafiri, mwingine alisema amepata fundi karibu na kwake, wa tatu akachukua chake akaondoka. Usiku jiwe likatua juu ya bati. Watoto wa dereva, barabarani, wakawa wanahesabu kwa lugha ile wakiruka kamba, kama walivyoisikia, na mwisho wa hesabu wanaangua kicheko wanakimbia. Mashine ya fundi ikarudishwa ndani.

Mwalimu Kwenu alikwenda tena. Safari hii fundi hakufuta kiti. Alikuwa akishona sare zilizobaki, za wale ambao hawakuja kuchukua, na nyuma yake vitu vya nyumba vilikuwa vimeshafungwa kwenye mashuka. Mwalimu aliongea sana. Alisema ataongea na dereva, ataongea na mwalimu mkuu, atawaita wazazi wote. Fundi alimwacha amalize mpaka mwisho wa mshono.

"Mimi nilikwambia," alisema. "Nilikwambia hapa hapa, umekaa kiti hicho hicho."

"Sikujua, baba."

"Hukuuliza. Uliuliza tunasemaje. Ungeuliza mara moja tu kwa nini tumenyamaza. Ningekudanganya, lakini ungeona kwamba ninadanganya." Akakata uzi kwa meno. "Huu ni mji wa tatu, mwalimu. Huu tulikuwa tumeuweza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo Mwalimu Kwenu alilolisimulia baadaye kwa dada yake, mara nyingi, kama kitu alichokuwa akikitafutia mahali pa kukiweka. Binti alikuwa amekaa juu ya furushi, kitabu cha kusoma mapajani. Alikirudisha kwa mikono miwili.

"Mwalimu, huko tunakokwenda, wakiniuliza ya kwetu, nisemeje?"

Mwanamke aliyekuwa ameuliza swali lile maisha yake yote alikishika kitabu, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Sema umeisahau," alisema.

Binti akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtoto mwenye akili anapopewa jibu la mtihani.

Asubuhi iliyofuata chumba kilikuwa kimefagiwa na mlango uko wazi. Sare zilizokamilika zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti, kila moja imefungwa kwa kipande cha kitambaa kilichobaki. Mwalimu Kwenu alizibeba kuzipeleka shuleni, na wazazi wakazichukua. Za watoto wa dereva zilikuwamo. Zilishonwa vizuri, mapindo yameachiwa nafasi ya kukua.

Aliendelea kufundisha kwa muda. Zamu ya hesabu ilipomfikia mtoto wa msusi, alimwambia akae, leo atahesabu mwalimu mwenyewe. Kesho yake vilevile. Watoto walidhani wamemkosea. Mtoto akikwama, mwalimu alifungua mdomo, swali likafika kwenye meno, akalimeza, akaandika jibu ubaoni. Dada yake alimwambia usiku mmoja wakikunja nguo, "Wewe ungejuaje?" Akajibu, "Aliniambia," akaendelea kukunja.

Wakati huo huo sifa za darasa lake zilikuwa zimefika mbali. Akaitwa kwenye semina awaeleze walimu wenzake njia yake ya kufundisha watoto wa lugha nyingi. Alisimama mbele yao, akaitazama ile safu ya nyuso zilizoshika kalamu. Alisema walimu wawazoee wazazi kwanza, wakae nao sana kabla ya kuwauliza watoto chochote, kisha akaomba maji, akakaa. Wenyeji wa semina waliona amewakatisha tamaa. Waliendelea na mambo mengine.

Aliomba kuondolewa darasani. Sasa yuko kwenye stoo ya vitabu ya ofisi ya elimu, chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama ukuta, anapiga mihuri vitabu vya hesabu na kuvipanga kwa mafungu kabla havijapelekwa mashuleni.