Jenoveva wa Kwemvumo, Aliyeketi na Wenye Hofu

Alizaliwa tarehe tatu Januari mwaka 1926 katika kitongoji cha Kwemvumo, kwenye mgongo wa mlima usio mbali na Mtae, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na nyika ya chini huonekana yote hadi upeo wa macho. Siku hiyo ni kumbukumbu ya Mtakatifu Jenoveva, na baba yake, Kornelio Shemhilu, hakutafuta jina jingine. Familia za Kikatoliki kitongojini zilikuwa tatu tu, katikati ya Walutheri wengi na Waislamu ambao mashamba yao yalipakana, wakaazimana majembe na kuzikana. Mama yake, Mariamu, alifariki akijifungua mwaka 1938. Jenoveva, akiwa na miaka kumi na miwili, hakutoa chozi hata moja. Wiki ya tatu baada ya maziko, akiwa kisimani, mikono yake ilianza kutetemeka, kifua kikambana, pumzi ikapotea, naye akajua kabisa kwamba anakufa. Hakufa. Lakini tangu siku ile hali hiyo ikawa inamjia bila kubisha hodi: shambani, sokoni, hata katikati ya misa. Majirani wengine walinong'ona kwamba ana pepo. Baba yake alimtetea, ingawa mwenyewe hakujua amtetee kwa maneno gani.

Tangu utoto alitaka kuwa mtawa. Mwaka 1947 alipokelewa katika nyumba moja ya masista, akavaa gauni la wanafunzi, akapangiwa kazi ya kufua nguo za sakristia. Kwa karibu miaka miwili alijificha. Hofu ilipompanda alikimbilia nyuma ya kamba za nguo, akauma kitambaa ili asisikike akihema. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1949 hofu ilimkamata mbele ya watu wote, akaanguka chini kanisani. Mkubwa wa nyumba alimwita baada ya Pasaka akamwambia kwa upole, jambo lililoumiza zaidi kuliko kama angemkaripia: "Mwanangu, asiyeweza kutulia mwenyewe hawezi kuishi utawani. Rudi nyumbani." Alipanda mlima akiwa na kifurushi chake kichwani, akilitafuta kosa lake njia nzima asilione.

Alilala kitandani miezi mitano. Aliyemtoa ni shangazi yake, Paskalina, mjane mwenye mdomo mkali na moyo wa mama, ambaye asubuhi moja aliingia na majembe mawili. Jenoveva alisema hawezi, anatetemeka. Shangazi akamjibu, "Nani amekuambia uache? Tetemeka huku unalima." Wakaenda. Alitetemeka, akalima tuta moja, akatapika, akalima la pili. Ni katika mashamba hayo ya mteremkoni, jembe likipanda na kushuka, ndipo alipopata sala yake ya maisha yote. Jembe likipanda alivuta pumzi akisema, "Bwana, upo." Likishuka aliitoa akisema, "Nami nipo." Hakuongeza neno. Kwa maungamo yake mwenyewe, sala hiyo haikumwondolea hofu. Ilimpa mahali pa kusimama wakati hofu inapita.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, watu waliimba na kucheza ngoma, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini miaka iliyofuata ilileta mabadiliko yaliyokuja yakikanyagana. Machifu waliondolewa, vijana walishuka kwenye mashamba ya mkonge na wengine hawakurudi, wanawake wakabaki na kazi za watu wawili, na wazee wakaona kwamba mambo waliyoyajua hayana anayeyauliza. Hapo ndipo wito wa Jenoveva ulipofunguka. Mwanamke wa kwanza kumjia alikuwa Esta, mke mchanga ambaye mumewe alikuwa amenyamaza miaka miwili huko Tanga. Alikaa jikoni kwa Jenoveva akalia mpaka makande yakaungua. Jenoveva hakumhubiria. Alimuuliza amekula nini tangu jana, akampa kibao cha kukalia, akaketi karibu naye. Habari zikaenea kwamba jikoni kwa Jenoveva mtu anaweza kutetemeka na asichekwe. Walikuja Wakristo na Waislamu, na kwa wote alikuwa na swali moja la kwanza, "Umekula?"

Jaribu lake kubwa lilifika Agosti 1974. Ilitangazwa kwamba nyumba za Kwemvumo zimetawanyika mno, na watu wote wahamie nyikani, katika kijiji kipya kilichoitwa Umoja, mwendo wa zaidi ya nusu siku kuteremka. Kilichoahidiwa kilikuwa chema: shule, zahanati, maji ya bomba. Muda uliotolewa ulikuwa siku sita. Watu waliobeba magodoro na kuku wakateremka kwenye njia ya mawe, wengine wakitazama nyuma, wengine wakiogopa kutazama.

Asubuhi ya Jumanne tarehe ishirini Agosti, siku ya mwisho, ilibaki nyumba moja yenye mtu. Mgosi Athumani, yaani Mzee Athumani, Mwislamu na jirani wa Kornelio tangu ujana, alikuwa amejifungia ndani na panga. Miezi minne kabla alikuwa amemzika mkewe, Zuhura, nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Binti yake, Mwanaidi, mjamzito wa miezi sita, alikuwa amekaa chini uani akimwita kwa Kishambaa, "Tate! Tate!" bila kujibiwa. Kiongozi wa mgambo, kijana aliyeitwa Issa, aliyetoka wilaya nyingine, alikuwa na vijana wanane na dumu la mafuta ya taa. Alikuwa ameambiwa kwamba asiporudi na taarifa ya kazi iliyokwisha, ataulizwa yeye.

"Mzee!" alipaza sauti. "Nahesabu mpaka mia. Ikifika mia nawasha, uwemo usiwemo!"

Jenoveva alikuwa ameshafunga mizigo yake, tayari kuteremka. Aliposikia hesabu inaanza, hofu ilimpanda kama haijawahi kumpanda. Macho yalimzunguka. Alitaka kukimbia, na mwaka mmoja kabla ya kifo chake alikiri kwa padre wake kwamba alikwisha piga hatua nne kuelekea njiani. Ndipo akageuka. Miguu ilimkataa katikati ya ua, akaanguka. Mgambo mmoja alicheka. Basi akaenda kwa magoti na viganja, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye heshima zake, akatambaa vumbini mbele ya vijana, huku Issa akimwambia, "Mama, rudi nyuma! Mama, sitanii!" na hesabu ikiwa imefika sitini na kitu.

Alipofika aliegemea mlango. "Mgosi Athumani, ni mimi, Jenoveva wa Kornelio. Shikamoo."

Mzee akajibu kutoka ndani, "Marahaba. Ondoka hapo, binti yangu. Watakuunguza na wewe."

"Siwezi kuondoka. Miguu imekufa. Nifungulie nikae."

Mzee alisikia meno yake yakigongana. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita, ukafungwa tena. Nje, Mwanaidi alipiga yowe. Issa alifika mia.

Yaliyosemwa ndani tunayajua kwa kinywa cha Athumani mwenyewe, aliyemsimulia binti yake. Jenoveva aliketi sakafuni akihema. Mzee akamuuliza kama amekuja kumtoa. Jenoveva akajibu, "Nimekuja kwa sababu naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kila kitu. Hawa vijana. Huko nyikani. Wewe na hilo panga lako."

Mzee alilitazama panga kana kwamba amewekewa mkononi na mtu mwingine. Akaliweka chini. Baadaye akasema neno lililokuwa limemkaba siku sita zote, "Nikiondoka, Zuhura atabaki na nani?"

Wengi wetu tungekuwa na jibu. Tungetaja mbingu, tungetaja mapenzi ya Mungu. Jenoveva alisema, "Sijui." Akamshika mkono. Mzee akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko, na Jenoveva akakaa pale akivuta pumzi na kuitoa, midomo ikicheza, mpaka kilio kilipokwisha.

Wakati huo vijana walikuwa wamemwaga mafuta kwenye ukingo wa paa la nyasi. Waliwasha mara tatu. Mara tatu moto ulishika, ukatoa moshi, ukazimika. Jenoveva na mzee walipotoka wameshikana mikono, wakapita uani na kufika njiani, vijana waliwasha mara ya nne, na nyumba yote ikawaka kwa pumzi moja. Na baada yake nyumba ya Jenoveva pia. Waliokuwepo, Waislamu kwa Wakristo, huliita jambo hilo muujiza. Yeye mwenyewe alikuwa akisema nyasi zilikuwa na ukungu wa asubuhi. Walipombishia kwamba mbona ziliwaka mara tu walipotoka, aliwauliza kama wamekula.

Maisha ya Umoja yalikuwa magumu. Watu waliozoea baridi na viazi walikutana na joto, mbu na maji ya chumvi. Athumani alifariki Oktoba. Mwanaidi alijifungua mtoto wa kiume, na Februari 1975 homa ikamchukua mtoto huyo katika siku mbili. Mwanaidi aliacha kula na kusema. Jenoveva alihamia kwake na kapu la maharage ya kuchambua, akaketi mlangoni, akachambua kutwa nzima bila kumsemesha. Alifanya hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja Mwanaidi alitamka, sauti ikiwa kavu, "Unachanganya mabovu na mazima." Jenoveva akasukuma ungo mbele yake, akasema, "Basi nisaidie."

Tusidhani kwamba mtakatifu huyu alikuwa mtu wa kutoa tu. Katikati ya mwaka 1976 shangazi Paskalina alifariki, na Jenoveva akavunjika. Alilala wiki tatu, akaona aibu kubwa, kwa kuwa yeye aliyewainua wengine hakuweza kujiinua. Alijaribu kuificha hali yake, kama alivyojificha zamani nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mwishowe alimtuma mtoto wa jirani na ujumbe mfupi: mwambie Mwanaidi aje, nimezidiwa. Mwanaidi alikuja na uji, kisha akamshika mkono watembee. Siku ya kwanza walifika mlangoni. Siku ya pili walifika kwenye uzio. Ilipita wiki nzima kabla hawajafika bombani, na wanawake waliopanga foleni wakawapisha bila kuuliza. Jenoveva alikuwa akiihesabu wiki hiyo miongoni mwa neema kubwa za maisha yake.

Jaribu la mwisho lilikuja kwa miguu yake lenyewe. Machi 1978 mwanamume aliyekonda alisimama mbele ya nyumba yake, kofia mkononi. Alikuwa Issa. Alikuwa ameacha kazi ya mgambo. Mwanaidi, aliyekuwa jikoni, alimtambua kwanza, akatoka na mwiko mkononi. "Huyu haingii humu. Mama, huyu alimuua baba yangu!"

"Shikamoo, mama," alisema Issa.

Jenoveva alianza kutetemeka. Alihisi harufu ya mafuta ya taa kama siku ile. Salamu ya mdogo kwa mkubwa haiachwi hewani, lakini hii ilining'inia. Issa akasema kwamba halali, kwamba kila akifumba macho anahesabu, na akifika mia anasikia yowe la mwanamke. Jenoveva alimtazama Mwanaidi, hakumtazama Issa. "Nyumba ni yangu," alimwambia, "lakini kidonda ni chako. Ukisema aende, ataenda."

Mwanaidi alilia kwa hasira muda mrefu. Kisha akasema, "Asile nami sahani moja," akarudi jikoni. Jenoveva akavuta pumzi. "Marahaba," alisema. "Umekula?" Issa alikuja mara nyingi mwaka ule, akiketi nje kwenye gogo. Mwaka wa pili, siku ya mvua kubwa, Mwanaidi mwenyewe alimwita aingie ndani.

Jenoveva alifariki tarehe tisa Juni 1982, kwa homa, akiwa na miaka hamsini na sita. Katika saa zake za mwisho mikono ilitetemeka sana. Katekista Silvano alimuuliza kama anaogopa. Akajibu, "Sana. Usiende mbali." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alizikwa Umoja, na waliobeba jeneza walikuwa wa dini zote mbili.

Kanisa halijamtangaza rasmi, nasi hatutangulii hukumu yake. Lakini waamini wa milimani na wa nyikani humwita mtakatifu, na wapo wanaoshuhudia kwamba waliomba kwenye kaburi lake wakiwa wamekata tamaa, wakaweza kuamka kesho yake. Msalaba wa saruji ulipojengwa, Silvano alitaka yaandikwe maneno "Aliishinda Hofu". Mwanaidi, ambaye hadi leo ni Mwislamu, alikataa katakata. "Hakuishinda," alisema. "Mimi nilikuwepo. Andikeni ukweli." Ndiyo maana msalabani pameandikwa jina lake, miaka yake, na maneno mawili: "Alikaa Nasi."

Nasi tumwige katika hilo. Yupo kati yetu aliyestaafu asiyejua afanye nini asubuhi, yupo binti aliyeolewa mbali, yupo mjane wa juzi, yupo aliyehama na moyo wake haujafika. Wasidanganywe kwamba mwenye imani haogopi. Waendewe nyumbani, wapikiwe, waketiwe karibu. Na sisi tutakapozidiwa, tusione haya kutuma mtu akatuitie mwenzetu.